Debe la Fardhi

Mama alilifungua debe la fardhi kwa bisibisi,
na kabla ya harufu wakatoka wao:
nondo wadogo, rangi ya majivu ya ubani,
sita, saba, wakapepesuka hadi kwenye taa ya ghala.
"Ahaa," akasema. "Na wewe ndiye uliyeniambia
akiba haiozi."

Si mimi. Ni yeye, miaka yote,
kila kiangazi tende zikishindiliwa,
kwa Kiswahili cha Wete alichokuja nacho Ibra
akiwa na miaka tisa na viatu vya kuazima.

Nina mimba ya miezi saba. Nimekalishwa juu ya gunia
nichambue: nzima huku, zilizotobolewa kule.
Kila tende yenye tundu ina uzi ndani yake,
hariri chafu, kinyesi punje punje kama mchanga,
na mara moja moja kiwavi mweupe, mwenye haya,
anayejikunja nikimgusa kwa ukucha.

Huyu namfahamu.
Kule maabara, Sumaili, nilimkamua
tone moja la damu isiyo nyekundu,
nikalitia kwenye jeli, nikawasha umeme,
kesho yake nikaikuta mistari miwili ya buluu,
minene, imejikalia juu ya mingine
kama wakwe kwenye baraza.
Protini. Si ya kutembelea, si ya kutafunia.
Ya kuweka.

Siku zake za mwisho za kula, kiwavi hali akashiba.
Mafuta ya mwilini mwake ndiyo jiko:
yanapika, yanamwaga damuni, damu inakuwa nzito;
kisha yanageuka, yanaivuta tena
ileile protini yaliyoimwaga,
yanaifunga kwenye vipunje, yanatulia,
kama mtu aliyeuza shamba mchana
akarudi usiku kulinunua.

Wataalamu humwita pupa akishajifungia.
Mama akacheka. "Pupa? Huyo aliyelala kimya?
Mwenye pupa hadiriki kula tamu."
Kweli, jina limepotea njia. Hana haraka ya lolote.
Ndani ya ganda anabomolewa: misuli ya kutambaa inayeyuka,
na kutoka kwenye vile vipunje
bawa linakunjwa tayari,
jicho linajengwa chumba kwa chumba.
Hakuna mlango, hakuna duka,
hakuna wa kumpelekea sahani iliyofunikwa kawa.
Yote yalikwisha kuliwa, zamani, na mwingine
aliyekuwa yeye.

Na jike mara nyingi huwa ameweka zaidi.
Kinachosalia baada ya bawa
kinashuka kwenye mayai, kinakuwa kiini,
mayai mia na ushei,
kila moja dogo kuliko nukta ya kalamu.
Anatoka, anaishi wiki, labda na siku mbili tatu.
Kinywa anacho, hana shughuli nacho.
Anataga. Anapungua kila usiku
mpaka kinachobaki ukingoni mwa dirisha
ni ungaunga tu, na miguu.

Nilikuwa namweleza Mama haya, mkono tumboni;
mtoto alikuwa anagonga upande wa ini.
Mwezi uliopita daktari alisema damu yangu imepungua.
Jino langu la nyuma limeanza kucheza.
Mama amezaa wanane; meno yake ya kweli
yamebaki matatu, anayahesabu kwa ulimi
akidhani sioni.

Nilitaka aseme kitu. Sijui nini.
Kwamba aliyala mapema, huko Wete, muhogo na dagaa,
yale yaliyonijenga mimi hapa,
kwenye mji ambao bado anauita wa watu.

Alivua ndara. Mmoja alikuwa ametua ukutani,
juu kidogo ya alama ya maji ya mwaka wa mafuriko.
Pa.
Akafuta kidole kwenye kanga, vumbi likang'aa,
akanisogezea sahani ya zile nzima.

"Kula wewe," akasema. "Wewe bado una mdomo."